Mkengeuko wa Fimbo ya Pool

Mkengeuko ni tabia ya mpira mweupe kuuacha mstari wa fimbo unapopigwa kando ili uzunguke. Ukipigwa kulia huponyoka kushoto kidogo. Ukipigwa kushoto huelekea kulia. Chanzo chake ni uzito wa sehemu ya mbele ya fimbo. Ncha hugusa mpira kwa takriban sekunde 0.001, na katika muda huo mpira unaoanza kuzunguka huisukuma ncha pembeni, nayo ncha huusukuma mpira upande wa pili. Sehemu hiyo ikiwa nyepesi, mkengeuko hupungua. Ugumu wa mti, unaosifiwa sana na wachezaji, si chanzo chenyewe. Kampuni ya Predator ya Marekani ilijijengea jina kwa fimbo zenye sehemu nyepesi ya mbele tangu miaka ya 1990.

Mkengeuko wa nyuzi 2 unatosha kuupeleka mpira kando kwa sentimita 3.5 baada ya mita 1, yaani zaidi ya nusu ya upana wake.

Katika mji kama Kutus, kaunti ya Kirinyaga, anayechezea fimbo ya ukumbini hana budi kuipima kwanza. Apige kwa nguvu, fimbo ikiwa imelala, kwani pigo la polepole la fimbo iliyoinuliwa nyuma huupinda mpira kuelekea mstarini na kuuficha mkengeuko. Ili kuufidia mkengeuko, wengine hulenga kitovu cha mpira mweupe, kisha husogeza mkono wa nyuma pekee. Kwa njia hiyo, fimbo yenye mkengeuko mkubwa hudai mkono wa mbele ukae karibu zaidi na mpira.