Trauti, Ningu na Mwaka 1905

Barabara ya Kapsoit kwenda Sondu hupita Sigowet. Upande wa mashariki kuna mashamba ya majani chai na msitu wa Mau. Upande wa magharibi ardhi inateremka kuelekea Nyakach na Ghuba ya Winam. Maji ya Itare, Kiptiget na Kipsonoi huungana kuwa Mto Sondu, ambao Wajaluo huuita Miriu. Mto huo una historia mbili za uvuvi, na moja tu ndiyo iliyotunzwa.

Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, yakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Mwaka 1910 trauti wa upinde wa mvua aliletwa kutoka Afrika Kusini. Walowezi walikuwa na hamu ya mito ya kwao kama Tay na Spey, ambako samoni huacha bahari na kupanda mto ili kutaga mayai. Samoni huyo anahitaji bahari baridi, basi hapa asingeweza kuishi maisha yake. Trauti, ndugu yake, alitosheka na maji baridi ya mlimani.

Miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ya Glasgow zilifungua mashamba makubwa Kericho, katika nchi ambayo Wakipsigis walinyang'anywa. Trauti naye akafika katika mito ya juu. Brooke Bond ilipojenga Tea Hotel miaka ya 1950, mgeni wa Kericho aliweza kwenda Kiptiget kuvua. Uvuvi wenyewe ni kazi ya subira. Ndoana hufungwa nyuzi na manyoya ya ndege hadi ifanane na mdudu wa majini, kisha mvuvi huurusha mshipi mzito kwa ufito mrefu ili mdudu huyo bandia atue juu ya maji bila kumshtua samaki. Nasema bila kusita kwamba ni ustadi wa kupendeza. Ulilindwa pia: trauti hakuvuliwa bila leseni.

Sasa tushuke. Katika sehemu za chini za mto huohuo alikuwepo samaki anayefanya karibu yote ambayo samoni husifiwa kwayo, na hakuna aliyemwagiza kwa meli. Samaki huyo ni ningu, anayeishi Ziwa Victoria. Mvua kubwa zikinyesha na mto ukijaa, huacha ziwa na kupanda makundi kwa makundi akitafuta nyasi zilizofunikwa na mafuriko, atage humo. Wajaluo waliujua msimu wake. Walimtega kwa vizuizi vilivyokatisha mto na mitego ya kusukwa, na kwa vizazi vingi ningu alirudi kila mvua.

Mwaka uleule wa 1905 nyavu za makila za uzi wa kitani ziliingia katika Ghuba ya Winam ya ziwa hilo. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, kwa hiyo samaki alikuwa na soko hadi Nairobi. Nyavu zilitandazwa kwenye midomo ya mito, mahali ambapo ningu hukusanyika kabla ya kupanda. Miongoni mwa waliokamatwa hapo walikuwemo majike wenye mayai tumboni, na mayai hayo hayakufika kwenye nyasi. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka, na mitego ya zamani ikaachwa kwa kukosa cha kutega. Baadaye mto ukapata mzigo mwingine: kituo cha umeme cha Sondu-Miriu cha megawati 60, kilichoanza kazi mwaka 2008, huchepusha sehemu ya maji yake kupitia handaki.

Inaniuma kwamba mgeni kutoka Loch Leven alipata leseni na ulinzi, ilhali mwenyeji wa Miriu, aliyelisha watu, aliachwa mlangoni mwa nyavu. Lakini si kwamba haiwezekani kumrudisha. Mwaka 2004 mtafiti Justus Rutaisire wa Uganda na mwenzake walichapisha matokeo ya kumtagisha ningu akiwa amefugwa na kuangua mayai yake. Vifaranga wanaweza kupatikana. Kinachobaki ni mdomo wa Miriu kuwa huru bila nyavu mvua za masika zinapoanza, na hilo ni jambo la wavuvi wa Nyakach, serikali ya kaunti ya Kisumu, na sisi wa huku juu tunaoutumia mto kabla haujawafikia.