Chokaa ya Rangi katika Nyumba za Mji Mkongwe

Aghalabu mtu anayerithi au kukodi dari moja katika nyumba ya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja, akatamani kuitia rangi na huku akirejesha mashubaka, boriti na milango yake katika hali ya asili, hudhani kwamba matakwa yake mawili yanapingana, ilhali kinachodhuru nyumba hizo si rangi yenyewe, bali ni kile kilichochanganywa nayo.

Kuta za nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene kiasi cha nusu mita au zaidi, na juu yake zimelazwa boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliohukumu upana wa vyumba, hata ukumbi wa tajiri ukawa mrefu wa kwenda lakini upana wake haupiti sana mita 3. Chokaa ilipatikana kwa mawe hayo hayo, yaliyopangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka yakalainika, kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa yakomae. Ukuta wa namna hii hunywa mvua za masika na kuutoa unyevu wake jua linaporejea, wala haudhuriki, maadamu haukuzibwa.

Sayyid Said bin Sultan wa Oman alipofanya Unguja makao ya dola yake, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, waungwana wa Kiomani walijenga majumba yenye uso mkavu na behewa ndani. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaleta kawaida nyingine: duka mbele ya njia, maskani juu yake, na roshani za mbao zilizochongwa. Jengo la zahanati la mmoja wao, Tharia Topan, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, laonyesha wazi jinsi watu wa zama zile walivyopenda rangi, kwa vioo vyake vya kijani, buluu na vyekundu vinavyomimina nuru ndani. Na penye chokaa, ngeu ilitoa wekundu na manjano, na nili ikatoa buluu.

Amma baada ya Mapinduzi ya 1964, majumba mengi yalitwaliwa na serikali, yakagawanywa baina ya aila nyingi, kila moja na dari lake au chumba chake. Watu wale hawastahili lawama, kwani walihitaji makazi. Lakini hakuna aliyekuwa na jukumu la jumba zima, na paa lilipovuja kila mtu aliziba upande wake kwa saruji, kisha akapaka rangi ya mafuta. Unyevu ukafungiwa ndani, chumvi ikachimba plasta, na vichwa vya boriti vikaoza ndani ya ukuta pasipo kuonekana. Ndipo mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe ikaundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mwenye kukarabati dari lake leo, basi, na aanze kwa kukwangua pembe moja taratibu, apate kuona matabaka ya rangi za waliomtangulia. Kisha aibandue saruji, apige plasta ya chokaa, na mwisho apake chokaa nyembamba iliyotiwa udongo wa rangi, mara kadhaa, ukuta ukiwa umeloweshwa. Rangi za udongo ndizo zinazostahimili ukali wa chokaa, nazo hupauka zikikauka, kwa hiyo fundi mwenye hadhari hujaribu kwanza palipojificha. Milango, ile ya Kiarabu yenye kizingiti kilichonyooka na ile ya Kihindi yenye tao, yafaa iondolewe rangi ya mafuta mpaka nakshi zidhihirike, ipakwe mafuta, na misumari yake ya shaba isuguliwe kwa ndimu na majivu.