Tuisheni ya hesabu Songea: Jinsi ya kuchagua inayomfaa mtoto wa sekondari

Mwanafunzi anayepata 12 kwenye hesabu na mwenzake anayepata 58 wanaweza kukutwa kwenye benchi moja la tuisheni, mbele ya ubao mmoja, wakisolvu pepa moja. Wote wamelipa sawa. Mmoja anafaidika, mwingine ananakili tu.

Mzazi wa Songea anayetafuta tuisheni ya hesabu hakosi wa kumuuliza, awe anakaa Mfaranyaki, Bombambili, Lizaboni au Mjimwema. Tatizo ni kwamba wengi huchagua kwa jina la mwalimu, au kwa sababu mtoto wa jirani anasoma hapo. Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: huyu mtoto alianza kupotea wapi?

Kwa nini hesabu si ya kuisamehe

Hesabu ni miongoni mwa masomo yanayoangusha watahiniwa wengi zaidi kidato cha nne. Katika matokeo ya NECTA ya miaka ya karibuni, waliofaulu somo hilo nchi nzima hawajafika hata watatu kati ya kila kumi.

Kwa hali hiyo, wapo wanafunzi wanaoamua mapema "kuisamehe" hesabu. Hoja yao ni kwamba divisheni huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, hivyo F moja haionekani. Ni kweli, divisheni inaweza kubaki nzuri. Lakini tahasusi kama PCM na EGM haziendeki bila hesabu, na hata anayekwenda PCB au CBG atakutana na somo la BAM, yaani hesabu tumizi za msingi, kidato cha tano na sita. Kozi nyingi za ufundi, uhasibu na kompyuta nazo huangalia alama ya hesabu.

Madaraja ya kidato cha nne yako hivi: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44. Chini ya 30 ni F.

Kwanza mpime mtoto, ndipo utafute mwalimu

Ripoti ya shule inaonyesha alama tu. Haisemi mtoto amekwama wapi. Kabla ya kulipa popote, mpe mtoto maswali haya matano kwenye karatasi, bila simu wala kikokotoo:

1. 2/3 + 1/4
2. 3 − (−5)
3. Asilimia 20 ya shilingi 15,000
4. Tafuta x: 2x + 7 = 15
5. Fungua mabano: 4(x − 3)

Majibu ni 11/12, 8, shilingi 3,000, x = 4, na 4x − 12. Hata mzazi aliyeishia darasa la saba anaweza kusahihisha.

Mwanafunzi wa kidato cha pili kwenda juu akikosa mawili au zaidi, shida yake haiko kwenye mada anazofundishwa sasa. Iko nyuma, kwenye namba hasi, sehemu na aljebra ya mwanzo. Huyo ukimpeleka kwenye darasa la kusolvu mapepa ya kidato cha nne, unajenga nyumba kuanzia paa.

Ongeza jaribio la sita. Chukua swali moja la maneno kwenye kitabu chake cha Kiingereza, alifanye. Akishindwa, msomee swali hilohilo kwa Kiswahili. Akilipata kwa Kiswahili, basi hesabu anaijua, kinachomkwamisha ni lugha. Hili hutokea sana, kwa kuwa watoto wengi wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili na kuingia sekondari inayofundisha kwa Kiingereza. Mwalimu wa kumfaa ni yule anayeeleza kwa Kiswahili, anayeandika hatua kwa Kiingereza, na anayemzoesha kuvunja swali la maneno sentensi moja moja.

Anayepata chini ya 30

Huyu anahitaji kikundi kidogo, watoto watano au sita wasizidi, au mwalimu wake peke yake ikiwezekana. Kwenye darasa la watu 40 atakaa nyuma, atanyamaza, atanakili.

Mwalimu wake si lazima awe maarufu. Awe na subira, asione aibu kurudi kwenye hesabu za darasa la sita, na asahihishe daftari la kila mtoto. Anayemwita mtoto "kilaza" mbele ya wenzake hafai, hata awe anajua hesabu kiasi gani. Mtoto anayeogopa kuuliza hatajifunza.

Lengo la kwanza liwe D, na D inafikika. Kwa muundo wa mtihani wa kidato cha nne uliotumika miaka ya karibuni, sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, na sehemu B ina maswali manne ya alama 10 kila moja. Maana yake, maswali matano tu ya sehemu A yakijibiwa kikamilifu yanaleta alama 30. Tena mada nyingi zinazotoka kwenye sehemu hiyo ni za kidato cha kwanza na cha pili: makadirio ya namba, vipeo na logi, seti, uwiano, faida na hasara, Pithagorasi.

Kwa hiyo mwalimu mzuri wa mtoto huyu atachagua mada sita au saba na kuzikomalia hadi ziive. Anayeahidi kumaliza mada zote za miaka minne kwa miezi mitatu anauza maneno.

Anayepata kati ya 30 na 64

Huyu msingi anao, ila una matundu. Mara nyingi anajua njia lakini anakosea alama ya kutoa, anaruka hatua, au muda unamwishia. Kwake darasa la watu 10 hadi 20 linatosha, mradi linakwenda kwa mada na linatoa majaribio ya kupimwa muda.

Kitu cha kudai hapa ni daftari la makosa. Kila swali alilokosa linaandikwa upya na kusolviwa tena baada ya wiki. Pia azoezwe kuonyesha kazi yake yote, kwa sababu wasahihishaji hutoa alama kwa hatua, si kwa jibu la mwisho pekee. Mwanafunzi anayeandika jibu tu anatupa alama alizostahili.

Mapepa ya miaka iliyopita yanamfaa sana, lakini baada ya kumaliza mada husika. Akianza nayo mapema ataishia kukariri majibu.

Anayepata 65 kwenda juu

Kipanga mara nyingi hahitaji tuisheni. Anahitaji maswali magumu na mtu wa kumsahihisha mara moja kwa wiki. Darasa kubwa la jioni linaweza hata kumrudisha nyuma, kwa kuwa anasikiliza kwa mara ya tatu kitu anachokijua.

Njia nafuu ni kumwomba mwalimu wake wa shule ampe kazi za ziada, kisha aanzishe kikundi cha marafiki watatu au wanne wenye uwezo unaokaribiana. Kumweleza mwenzake kunamwonyesha pale ambapo yeye mwenyewe hajaelewa. Kama hesabu anaiweza kweli, anaweza kujaribu Hesabu za Ziada, somo linalotahiniwa kidato cha nne, ambalo humwandaa kwa tahasusi zenye hesabu.

Kidato cha tano na sita

Huku mambo yanabadilika. Hesabu za juu zina karatasi mbili za mtihani, BAM ina moja, na kiwango hakilingani. Mwalimu anayesifika kwa kidato cha nne anaweza asiwe na uzoefu wa hesabu za juu. Aulizwe moja kwa moja amewahi kufundisha somo lipi kati ya hayo mawili.

Nani anafundisha?

Songea ina makundi kama manne. Kuna walimu walioajiriwa shuleni, ambao wanaujua mtihani lakini wana muda mchache. Kuna wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira, wenye muda na nguvu. Kuna wanafunzi wa ualimu, kwa kuwa mji una Chuo cha Ualimu Matogoro. Mwisho kuna waliomaliza kidato cha sita, wanaofanya mtihani wao Mei na kukaa nyumbani kabla ya chuo.

Kijana aliyemaliza kidato cha sita na kufaulu hesabu anaweza kumfaa sana mtoto wa kidato cha kwanza au cha pili, na bei yake huwa nafuu. Shida ni kwamba ataitwa JKT au ataondoka kwenda chuo. Kwa mtoto wa kidato cha nne, atafutwe mtu atakayekuwepo hadi Novemba.

Kuhusu mwalimu wa darasani anayefundisha nusu ya mada shuleni na nusu nyingine kwenye tuisheni yake ya kulipia, mzazi asikae kimya. Apeleke suala hilo kwa mkuu wa shule au kamati ya wazazi.

Maswali ya kumuuliza mwalimu

- Darasa lina watoto wangapi, na wa vidato gani?
- Mtoto atapimwa kabla ya kuanza?
- Anafuata muhtasari upi? Mtaala mpya umekuwa ukiingia hatua kwa hatua tangu 2024, hivyo notsi za zamani hazimfai kila mwanafunzi.
- Anasahihisha madaftari au anaandika ubaoni tu?
- Asipokuja, kipindi kinafidiwa?

Mzazi aombe mtoto ahudhurie mara moja au mbili kabla ya kulipia mwezi mzima. Akirudi, asiulizwe "mwalimu anajua?" Aambiwe: "Nionyeshe swali moja mlilofanya leo, ulifanye bila kuangalia daftari."

Hela: usisubiri mahindi

Kwa familia nyingi za Ruvuma, pesa huja baada ya mavuno. Mahindi yanavunwa katikati ya mwaka, kisha yasubiri soko. Ndiyo maana kuna watoto wanaoanza tuisheni Agosti wakati mtihani wa taifa ni Novemba. Miezi mitatu inamsaidia aliye na 45. Kwa aliye na 10 ni michache mno.

Afadhali kidogo kuanzia Januari kuliko kingi mwishoni. Kipindi kimoja kwa wiki kwa miezi tisa kina faida kuliko kila siku kwa wiki tano. Wapo walimu wanaokubali kulipwa kidogo kidogo, na wapo wanaokubali gunia baada ya mavuno. Makubaliano ya aina hiyo yaandikwe.

Nauli nayo ihesabiwe. Kwa namba za mfano tu: kipindi ni shilingi 1,000, mara tatu kwa wiki, ni 12,000 kwa mwezi. Bodaboda ikiwa 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, nauli peke yake ni 24,000. Jumla 36,000. Wazazi watatu wa mtaa mmoja wakichanga 15,000 kila mmoja, wanamlipa mwalimu 45,000 awafuate watoto nyumbani, na kila mzazi anaokoa 21,000.

Usalama

Tuisheni iishe mapema, mtoto afike nyumbani kabla ya giza, hasa msimu wa mvua. Mzazi apajue mahali penyewe kwa macho yake. Mtoto asifundishwe peke yake ndani ya chumba kilichofungwa, awe wa kike au wa kiume. Sebule yenye mlango wazi au baraza inatosha.

Kama hela hakuna kabisa

Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure. Tovuti ya NECTA ina miundo ya mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha makosa ambayo wanafunzi hurudia. Shule Direct ina notsi za sekondari. Simu moja na bando dogo vinaweza kuhudumia kikundi cha watoto wanne.

Mwalimu wa shuleni naye abaki kuwa wa kwanza kuombwa. Dakika 15 baada ya vipindi, mara mbili kwa wiki, zinaweza kuziba tundu ambalo tuisheni ya mbali isingeliziba.

Lini ubadilishe?

Baada ya wiki sita, mpe mtoto maswali yale yale matano lakini kwa namba nyingine. Kama alikosa manne na sasa anakosa moja, tuisheni inafanya kazi, hata kama alama za shule bado hazijapanda. Kama hali ni ile ile, zungumza na mwalimu kwanza. Wiki tatu zaidi bila mabadiliko, mhamishe bila kuona haya.