Mashamba nyuma ya mabati: Kibera katika picha

Ukisimama kwenye tuta la reli ukaitazama Kibera, jicho hukimbilia mabati. Wapiga picha wengi waliofika hapa wameishia hapo: paa zenye kutu zilizosongamana kutoka Kianda hadi Laini Saba, Kisumu Ndogo ikiwa katikati. Picha za zamani walizohifadhi Wanubi zinasimulia mengine kabisa. Ndani yake Kibera ni shamba.

Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) wenye asili ya Sudan, waliruhusiwa na serikali ya kikoloni kuishi hapa na familia zao kuanzia 1904. Mwaka 1918 eneo la ekari zipatazo 4,197 likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Palikuwa msitu, wao wakafyeka, wakalima, wakafuga. Aliyewapiga picha alilenga watu, kama ilivyo kawaida ya picha za familia, na ardhi iliyokuwa nyuma yao ikaingia bila kuitwa. Kwangu mimi, huko nyuma ndiko kwenye thamani. Uso wa babu wajukuu wataukumbuka, lakini uwazi ule kati ya nyumba na nyumba hakuna anayeweza kuusimulia akaaminika.

Mpiga picha Mmarekani Greg Constantine alilitambua hilo. Katika kitabu chake cha 2011 kuhusu Wanubi wa Kenya, aliweka picha hizo za familia pamoja na alizopiga mwenyewe. Wakati huo jamii hiyo ilikuwa bado ikidai ardhi yake. Hatimiliki ilikuja 2017, na ilikuwa ya ekari 288 tu.

Kisumu Ndogo ni sura ya baadaye. Jina lililetwa na watu waliotoka Nyanza kutafuta kazi Nairobi, na Korogocho nako lipo. Reli inayopita Kibera ndiyo inayoelekea Kisumu, mji ambao garimoshi liliufikia mwaka 1901. Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana waliing'oa reli hiyo hapa hapa Kibera, na picha za vyuma vilivyopinda zikazunguka dunia nzima.

Mwaka uliofuata, Januari, msanii Mfaransa JR alifunika mita za mraba 2,000 za paa kwa picha kubwa za macho na nyuso za akina mama wa Kibera. Alitumia turubai la plastiki, kwa hiyo picha hizo zilizuia mvua pia. Kazi ile naiheshimu, hasa kwa kuwa wenye nyumba walibaki na kitu cha kuwafaa. Hata hivyo, ili kuiona vizuri ilibidi uwe juu.

Waliotembea chini walikuja mwishoni mwa 2009. Vijana wa Kibera wenyewe, chini ya mradi wa Map Kibera, walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakiweka alama kwenye vyoo, mabomba ya maji, shule na makanisa. Katika miaka hiyo hiyo mashamba yalikuwa yamerudi, safari hii ndani ya magunia: shirika la Kifaransa la Solidarités lilikuwa likisaidia familia kupanda sukuma wiki na mchicha kwenye magunia ya udongo mlangoni mwao. Kisha akaja Brian Otieno, mzaliwa wa Kibera, na mradi wake wa Kibera Stories. Yeye hupiga picha za siku za kawaida, zile ambazo magari ya wanahabari hayaji.

Julai 2018 matingatinga yalibomoa maelfu ya nyumba Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Njia za miguu, magunia na vibanda vilivyokuwa hapo sasa vimebaki katika simu za waliohamishwa, na simu hupotea. Katika Makina, mtaa wa Wanubi humo humo Kibera, bado wapo wazee wanaoweza kushika picha ya zamani wakaonyesha mto ulikopita na shamba lilikuwa la nani. Shule za Kibera zingewatuma wanafunzi kwao mwaka huu, na daftari na kalamu, waandike maelezo hayo nyuma ya kila picha.