Bustani Iliyopangwa 1948

Vuli inakaribia, na hapa Marungu tunapanga bustani ya nyuma ya nyumba. Shuleni tulifundishwa kuwa masika ndiyo mvua kubwa. Huku uwandani mwa Voi tunategemea zaidi mvua ya Novemba na Desemba. Ile ya Machi inaweza kukuacha umeshika jembe tu. Kwa hivyo kunde na pojo zinaingia ardhini Oktoba ikiisha.

Wataita wa zamani walikuwa na ujanja wao: shamba moja mlimani, lingine huku chini. Moja likikauka, la pili linalisha nyumba. Kisha ukoloni ukaja na mashamba ya mkonge, na 1948 ikatangazwa mbuga ya taifa ya Tsavo. Leo zaidi ya nusu ya kaunti ya Taita Taveta ni mbuga. Mtu akabaki na kiploti kimoja, na jirani yake ni ndovu. Mahindi yakianza kubeba, usiku mmoja tu unatosha kuyamaliza.

Halafu kuna maji. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya Tsavo Magharibi, kaunti hii hii. Miaka ya 1950 wakoloni walilaza bomba la zaidi ya kilomita 200 kupeleka maji hayo Mombasa, na likapita Voi. Sisi tunanunua kwa mtungi. Mtu wa Mombasa akifungua mfereji asubuhi anakunywa maji ya kwetu, na sijasikia akisema asante.

Ndiyo maana naangalia Sagalla. Tangu 2009 wakulima wa huko wamekuwa wakizungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye nguzo na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuza. Mnyama wa tani tano hivi! Asali nayo inauzwa. Shida ni ukame: maua yakiisha, nyuki wanahama.

Kwa hivyo upande wa kichakani nitapanda alizeti, ambayo ndovu haipendi sana na nyuki wanaifuata. Mizinga minne, karai la maji chini ya kivuli, na maji ya kuoshea mboga yanaenda kwa sukumawiki.

Mamangu bado anadai mistari mitatu ya mahindi.

"Mama, hayo ni kualika wageni."

"Wageni wamekuwa wakija tangu sijazaliwa," akanijibu. "Panda."

Tumepatana mstari mmoja, chini ya dirisha lake.