Mtambo wa feni na koili

Mtambo wa feni na koili ni kifaa cha kupoza au kupasha joto hewa ya chumba, ambacho feni yake hupuliza hewa kupitia koili, yaani mabomba membamba ya shaba yenye mapezi ya alumini, yanayopitisha maji baridi au ya moto. Katika miji yenye unyevunyevu kama Mombasa, mvuke hugeuka matone juu ya koili baridi, hivyo trei ya kukinga maji huinamishwa kuelekea bomba la kutolea, yasije yakamwagikia nyaya.

Hatari kubwa zaidi imo katika umeme. Kabla ya kugusa nyaya, fundi huzima swichi ya mtambo, huifunga kwa kufuli, kisha huhakikisha kwa kipimo kwamba umeme haupo, na kipimo chenyewe hujaribiwa kwanza mahali penye umeme, kwa kuwa kipimo kibovu humdanganya fundi. Kapasita ya mota nayo huweza kubaki na chaji. Waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na njano, hufungwa imara kwenye bodi ya chuma. Mota ya kasi 3 huwa na waya mmoja kwa kila kasi, na nyaya mbili kati ya hizo zikipewa umeme kwa pamoja, mota huweza kuungua; aidha, themostati ya volti 24 haiunganishwi kamwe na umeme wa volti 230.