Pampu ya mafuta kwa gari lililoongezwa nguvu: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

WAMILIKI wengi wa magari ya mwendo kasi huanza kuongeza nguvu za injini kwa kubadili turbo, bomba la moshi na programu ya kompyuta ya injini. Pampu ya mafuta, ambayo imezama ndani ya tangi na haionekani, hukumbukwa mwishoni kabisa. Kwa wengine hukumbukwa baada ya pistoni kutoboka, wakati gharama ya kutengeneza injini imekwisha kupita mara nyingi bei ya pampu yenyewe.

Mfano mzuri ni Subaru Impreza WRX, gari lililoingia sokoni mwaka 1992 na kujipatia jina Afrika Mashariki kupitia mashindano ya Safari Rally nchini Kenya, ambako Colin McRae alishinda nalo mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Impreza zilizotumika zimeendelea kuingizwa kutoka Japan kwa miaka mingi, na vijana wengi wanaozinunua hawaridhiki na nguvu zilizotoka nazo kiwandani.

Kazi ya pampu

Pampu huvuta petroli kutoka ndani ya tangi na kuisukuma hadi kwenye nozeli zinazoinyunyiza katika injini. Kwa magari mengi ya aina hii, presha ya kawaida ya mafuta ni bar 3. Mafuta yasiyotumika hurudishwa kwenye tangi kwa njia ya pili, na kidhibiti presha ndicho kinacholinda uwiano huo.

Kwa gari lenye turbo, jambo moja huwapotosha wengi. Turbo inaposukuma hewa ndani ya injini, hewa hiyo huikinza petroli inayotoka kwenye nozeli. Kwa sababu hiyo kidhibiti hupandisha presha ya mafuta kwa kiwango kilekile cha presha ya turbo. Gari linalosukuma hewa kwa bar 1.5 huitaka pampu ifanye kazi katika bar 4.5, si 3. Na kadiri presha inavyopanda, ndivyo kiasi cha mafuta kinachotoka kwenye pampu kinavyopungua. Hivyo pampu huelemewa wakati uleule injini inapohitaji mafuta mengi zaidi.

Mafuta yasipotosha, mchanganyiko hukosa petroli na hewa huzidi. Petroli huungua kikamilifu kwa kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta, lakini injini yenye turbo ikifanya kazi kwa nguvu zote huhitaji mafuta zaidi ya hapo, kwa kawaida kilo 11 hadi 12 za hewa kwa kilo moja ya petroli, ili joto lisipande mno. Mchanganyiko ukikauka, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni huvunjika baina ya pete au huyeyuka. Uharibifu huo unaweza kutokea ndani ya sekunde chache, dereva akiwa bado anafurahia mwendo.

Hesabu ya kiasi kinachohitajika

Njia rahisi ya kukadiria ni kujua kwamba injini ya petroli yenye turbo, ikiwa katika kazi ya juu kabisa, hutumia takriban lita 0.37 kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Injini ya nguvu farasi 300 itahitaji lita 111 kwa saa. Ya 400 itahitaji lita 148. Na ya 500 itahitaji lita 185.

Kiasi hicho hakina akiba. Pampu huchakaa, chujio huziba na umeme hushuka, hivyo ni busara kuongeza robo nzima. Kwa hesabu hiyo, gari la nguvu farasi 400 linahitaji pampu inayoweza kutoa lita 185 kwa saa, na la 500 lita 231. Jambo la msingi ni kwamba kiasi hicho kitolewe katika presha halisi ya kazi, yaani bar 4.5 kwa mfano uliotajwa juu.

Hapo ndipo wanunuzi hukosea. Pampu mashuhuri ya Walbro hutajwa kuwa ya lita 255 kwa saa, lakini presha ikipanda hutoa chini ya hapo. Kwa hiyo mnunuzi asitosheke na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, bali aombe jedwali la mtengenezaji linaloonyesha kiasi cha mafuta kwa kila presha na kwa kila volti. Muuzaji asiye na jedwali hilo hana jibu la swali lililo muhimu kuliko yote.

Wanaotumia mafuta yenye ethanoli asilimia 85 wanapaswa kuongeza takriban theluthi moja, kwa kuwa ethanoli hutumika kwa wingi zaidi kuliko petroli. Aidha wahakikishe kwamba pampu na mipira yake vimetengenezwa kuhimili ethanoli.

Umeme na nyaya

Pampu ni mota ya umeme, na mota hupungua kasi volti zinaposhuka. Pampu iliyopimwa kwa volti 13.5 itatoa mafuta machache zaidi ikipata volti 12. Nyaya za kiwandani zilichaguliwa kwa ajili ya pampu ndogo. Pampu kubwa inayokula zaidi ya ampea 10 huzipa joto na kupoteza umeme njiani.

Dawa yake ni kuvuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukiwa na fyuzi yake karibu na betri, na kutumia waya wa zamani kuamsha rilei tu. Waya wa ardhini nao uwe mnene vilevile. Baadhi ya Impreza zina kifaa kinachopunguza umeme wa pampu injini inapokuwa na kazi ndogo. Fundi akague kama kifaa hicho kinaweza kubeba pampu mpya kabla ya kuiunganisha.

Kubwa kupita kiasi nako si suluhisho

Pampu kubwa mno hurudisha mafuta mengi kwenye tangi. Ikiwa njia ya kurudisha ni nyembamba, presha hupanda hata gari likiwa limesimama na injini hulewa mafuta. Petroli inayozungushwa bila kutumika hupata joto, na petroli ya moto hutoa mvuke unaoidhoofisha pampu.

Pampu hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Dereva anayekimbiza gari tangi likiwa karibu tupu huinyima ubaridi, na katika kona mafuta hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa. Tangi la Impreza limegawanyika pande mbili, na mafuta huhamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mipira inayofanya kazi hiyo irudishwe mahali pake baada ya ufungaji.

Bidhaa bandia na usalama

Pampu za Walbro zimeigwa sana, na bandia zake huuzwa kwa bei ndogo zikiwa na nembo ileile. Bei iliyo chini mno kuliko ya wauzaji wengine, maandishi yasiyosomeka vizuri na kukosekana kwa namba ya bidhaa ni dalili za kutiliwa shaka.

Ufungaji ufanywe mahali penye hewa ya kutosha, presha ikiwa imeondolewa kwenye mabomba, waya wa betri ukiwa umefunguliwa na kizima moto kikiwa karibu. Mpira unaozama ndani ya tangi uwe wa aina iliyotengenezwa kuzamishwa kwenye mafuta, kwa sababu mpira wa kawaida huoza na kupasuka. Chujio nalo libadilishwe siku hiyohiyo.

Baada ya kazi, gari lisikimbizwe mara moja. Lipelekwe kwenye mashine ya kupimia nguvu za injini, likiwa na kipimo cha presha ya mafuta na kipimo cha mchanganyiko. Presha ikipanda sambamba na turbo hadi mwisho wa mzunguko wa injini, pampu inatosha. Ikianza kushuka wakati turbo bado inasukuma, mguu uondolewe kwenye pedali na chanzo kitafutwe kwanza. Presha ya turbo isiongezwe hata kidogo kabla chanzo hicho hakijapatikana.